Mguu uliovunjika hupona nyumbani, na vuli ndiyo mtihani wake

MVUA za vuli zinapoanza kunyesha mwezi Oktoba, lipo kundi la wagonjwa lisiloonekana katika foleni za hospitali wala kuhesabiwa kuwa linaumwa. Ni watu waliovunjika mguu, wakatibiwa, wakaruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa na hogo mguuni au chuma ndani ya mfupa, na ambao sasa wanasubiri siku ya kukanyaga tena.

Kwa wengi wao safari ngumu si ile ya kwenda kliniki. Ni zile hatua chache za kutoka kitandani hadi chooni, kupitia ua wenye tope, mikono ikiwa imeshika magongo mawili na mguu mmoja ukiwa hautakiwi kugusa chini.

Jamii imezoea kuichukua ruhusa ya hospitali kuwa ndiyo kupona. Mgonjwa akishatolewa wodini, ndugu hushusha pumzi na kurejea katika shughuli zao. Ukweli ni kwamba hospitali huunyoosha mfupa na kuushika mahali pake, lakini kazi ya kuuunga hufanywa na mwili wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa miezi kadhaa. Yanayotendeka huko ndiyo huamua iwapo mtu atatembea sawasawa, atachechemea maisha yake yote au atarudi tena katika chumba cha upasuaji.

Mfupa unavyojiunga

Mara tu mfupa unapovunjika, damu huvuja na kuganda mahali pa jeraha. Katika wiki mbili hadi tatu zinazofuata, mwili hujenga hapo tishu laini inayofanana na gegedu, ambayo hushikanisha vipande viwili vya mfupa lakini haina nguvu ya kubeba uzito. Baadaye madini ya chokaa huanza kuingia na kuifanya tishu hiyo kuwa mfupa mgumu. Hatua ya mwisho, ambayo mfupa hujichonga upya na kurudia umbo lake, huweza kuchukua miaka.

Muda wa kupona hutegemea mahali palipovunjika, ukubwa wa jeraha na umri wa mgonjwa. Kifundo cha mguu cha mtu mzima kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane za kulindwa. Mfupa wa muundi huchukua miezi minne au zaidi, na wa paja kati ya miezi minne na sita. Watoto hupona kwa haraka zaidi.

Kwa hesabu hiyo, mtu aliyevunjika muundi mwanzoni mwa Oktoba ataimaliza vuli yote akiwa bado hajapona. Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, yaani pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria, vuli huanza Oktoba na kumalizika Desemba. Mfupa wa muundi haumaliziki nayo.

Zamani mgonjwa aliyevunjika paja alilazwa kwa wiki nyingi, mguu ukiwa umevutwa kwa kamba na uzito mwishoni mwa kitanda. Hali ilianza kubadilika baada ya daktari wa Ujerumani, Gerhard Küntscher, kuwaonyesha wenzake mwaka 1940 njia ya kupitisha msumari wa chuma ndani ya uwazi wa mfupa. Hapa nchini, Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa zinazotumia misumari ya shirika la SIGN la Marekani. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1999, na misumari yake ilibuniwa ili iweze kufungwa hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei.

Maendeleo hayo yamewaokoa wengi na ulemavu, lakini yameleta jambo jingine lisilozungumzwa sana. Mgonjwa ambaye zamani angeuguzwa wodini kwa wiki nyingi, leo hurudi nyumbani baada ya siku chache. Kazi ya muuguzi imehamia kwa mke, mama, dada au mtoto wa nyumbani, ambaye mara nyingi hakupewa maelezo yoyote.

Aidha, wapo wanaoamini kuwa mguu wenye chuma umekwisha kupona. Chuma hakiungi mfupa. Hushika tu vipande visiachane mpaka mwili umalize kazi yake. Mgonjwa akianza kuubebesha mguu uzito wote kabla daktari hajamruhusu, chuma huchoka, na chuma kilichochoka hukatika.

Njia ya kitandani hadi chooni

Nyumba nyingi za mijini na vijijini zina choo nje, ng'ambo ya ua. Wakati wa kiangazi njia hiyo huwa kavu na haina tatizo. Vuli inapoingia, udongo huteleza, maji husimama mlangoni, na sakafu ya saruji au ya marumaru hulowa kwa nyayo za kila anayeingia. Kwa mtu mwenye magongo, tone la maji juu ya sakafu laini linatosha kumwangusha.

Kuanguka mara ya pili ni hatari kuliko mara ya kwanza. Mfupa unaoanza kujiunga huachana kwa urahisi, na mkono anaojishikizia mgonjwa huweza kuvunjika pia.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya uuguzaji ni kuitengeneza njia. Kokoto, mbao au matofali yaliyopangwa imara kutoka mlangoni hadi chooni hupunguza tope. Ndani ya nyumba, mikeka na mazulia yanayokunjamana yaondolewe, vizingiti viwekewe alama, na kitambaa cha kukaushia kiwe karibu na mlango wakati wote. Taa au kurunzi iwe mahali ambapo mgonjwa ataifikia bila kuinuka, kwa kuwa mvua kubwa mara nyingi huja pamoja na kukatika kwa umeme.

Magongo yenyewe yanahitaji kupimwa. Mgonjwa akisimama wima, ncha ya juu ya gongo iwe chini ya kwapa kwa nafasi ya vidole viwili au vitatu, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimepinda kidogo. Uzito hubebwa na viganja, si makwapa. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na baada ya siku chache huanza kuhisi ganzi mikononi.

Mipira iliyo chini ya magongo nayo huisha kama matairi. Ikishakuwa laini haishiki tena sakafu iliyolowa, hivyo ni vyema ikaguliwe kila wiki na kubadilishwa. Mguu mzima uvae kiatu chenye soli ya mpira kinachofunga kisigino. Kandambili zibaki kando.

Penye ngazi, kanuni ni moja: wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia; wakati wa kushuka, hutangulia magongo na mguu mgonjwa.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mwingine, kwa sababu mgonjwa hawezi kukunja goti. Kiti imara kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu hutatua tatizo hilo kwa gharama ndogo. Usiku, au mvua inaponyesha, ndoo yenye mfuniko chumbani ni salama kuliko safari ya uani. Hakuna aibu katika hilo.

Jambo linalojificha hapa ni maji ya kunywa. Wagonjwa wengi hupunguza kunywa maji kwa makusudi ili wasilazimike kwenda chooni na kuwasumbua wenzao. Matokeo yake ni choo kigumu, ambacho huzidishwa na baadhi ya dawa kali za maumivu, maambukizi ya njia ya mkojo, na kuongezeka kwa uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu usiotembea. Anayeuguza akiona mgonjwa hanywi maji, asimlaumu. Aulize kwanza njia ya chooni ikoje.

Hogo na unyevu

Hogo la jasi, ambalo wengi huliita P.O.P., hugandamana katika dakika chache, lakini huhitaji siku mbili hivi kukauka kabisa. Hewa yenye unyevu ya msimu wa mvua huchelewesha ukaukaji huo. Katika kipindi hicho mguu ulazwe juu ya mito, na hogo lisishikwe kwa ncha za vidole wala kuegemezwa juu ya kitu kigumu, kwa kuwa mahali palipobonyea huja kuichoma ngozi kwa ndani.

Baadhi ya familia huharakisha kukausha kwa kusogeza jiko la mkaa. Hilo ni kosa kwa sababu mbili. Joto hupasua hogo na kuiunguza ngozi ambayo mgonjwa hawezi kuiona, na mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya mvua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua waliolala.

Hogo likilowa hulainika na kuacha kuushika mfupa. Hata lile la kisasa ambalo ganda lake haliharibiki kwa maji lina pamba kwa ndani, na pamba iliyolowa huozesha ngozi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, wengi wamepoteza kifaa walichozoea kufunikia mguu. Karatasi ya nailoni inayouzwa kwa mita, ikifungwa juu ya hogo kwa mpira mpana usiobana, hufanya kazi hiyo wakati wa kutoka nje. Kwa kuoga, kitambaa kilicholowa na beseni mgonjwa akiwa ameketi ni salama zaidi.

Mwasho chini ya hogo huwasumbua karibu wote. Vijiti, kalamu na waya za baiskeli zinazopenyezwa humo huchubua ngozi na kuacha kidonda kisichoonekana mpaka kianze kunuka. Kugonga hogo kwa nje taratibu au kulipepea hupunguza mwasho bila madhara.

Vuli pia ni msimu wa mbu, na anayeshinda kitandani mchana kutwa huumwa zaidi. Chandarua kifungwe juu ya kutosha ili kisilalie mguu ulioinuliwa, na kishushwe hata mchana mgonjwa anapolala.

Dalili zisizosubiri mvua ikatike

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri asubuhi, wala tarehe ya kliniki, wala barabara ikauke.

Ya kwanza ni maumivu yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua, yasiyotulizwa na dawa wala kuinua mguu, hasa yakiambatana na vidole kufa ganzi, kupauka, kuwa vya baridi au kushindwa kusogea. Hiyo ni ishara kwamba misuli imevimba na kukosa damu. Saa chache za kuchelewa huweza kuugharimu mguu mzima.

Ya pili ni shavu la mguu kuvimba, kuwa gumu na kuuma. Ikifuatiwa na kubanwa kifua au kushindwa kupumua ghafla, yawezekana damu iliyoganda imesafiri hadi mapafuni, na hapo kinachotishiwa ni uhai wenyewe. Ya tatu ni homa, harufu mbaya, usaha au unyevu unaopenya kutoka ndani ya hogo au katika mshono.

Ndugu huona mguu umevimba na kuamua kuuchua kwa mafuta, au kumwita fundi wa kienyeji wa kuunga mifupa aufunge kwa vijiti. Nia huwa njema. Hata hivyo, kuchua huweza kuusogeza mfupa ambao haujashikana au kung'oa damu iliyoganda, na vijiti vinavyokazwa sana huzuia damu kupita. Miguu ya watoto imewahi kukatwa kwa sababu ya kufungwa kwa kukazwa kupita kiasi.

Supu ya kongoro na vinginevyo

Karibu kila aliyevunjika mguu hupelekewa supu ya kongoro, kwa imani kwamba mguu huponywa na mguu. Supu hiyo ni chakula kizuri na humpa mgonjwa hamu ya kula, lakini haina uwezo wa pekee wa kuunga mfupa, na ikinywewa peke yake haitoshi.

Mfupa unaojengwa upya huhitaji protini, madini ya chokaa, na vitamini C na D. Vyote hivyo hupatikana bila fedha nyingi. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao hutoa protini na chokaa kwa pamoja. Maharage, mayai, maziwa, mchicha na majani ya kunde huongezea. Mapera, machungwa na maembe hutoa vitamini C. Vitamini D hutengenezwa na ngozi ikipata jua, hivyo mgonjwa atolewe barazani kila mawingu yanapoachia.

Aliyevunjika paja huhitaji pia vyakula vya kuongeza damu, kwani jeraha hilo huweza kumwaga lita moja ya damu au zaidi ndani ya misuli bila tone kuonekana nje. Sigara nayo iachwe. Moshi wake hubana mishipa ya damu na kuchelewesha mfupa kujiunga.

Kalenda ya mfupa na kalenda ya mfuko

Matatizo mengi ya miguu isiyopona hayatokani na ujinga wa mgonjwa, bali na ufinyu wa mfuko wake. Mfupa una kalenda yake, na haijui kodi ya nyumba wala ada ya shule.

Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu, kwa sharti la kuwasilisha cheti cha daktari. Siku hizo ni wiki 18, muda unaokaribiana na ule wa kupona muundi. Aliyeumia akiwa kazini anaweza pia kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na aliyegongwa barabarani anashauriwa kutunza fomu namba tatu ya polisi (PF3), picha za eksirei na stakabadhi zote za matibabu, kwa kuwa madai ya bima huhitaji karatasi hizo.

Lakini sheria hiyo haimfikii dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya kila siku na mwenye pikipiki, wala mama lishe, wala machinga. Haimfikii mkulima ambaye vuli ndiyo wakati wake wa kupanda mahindi na maharage. Kwake, mguu uliovunjika Oktoba ni ghala tupu miezi ijayo.

Hao ndio hurejea kazini wiki ya sita, wakiwa hawana maumivu na wakidhani wamepona. Maumivu huisha mapema kuliko udhaifu wa mfupa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kurudi mapema kwa wiki nne huweza kuzaa upasuaji wa pili na mwaka mzima bila kazi.

Kwa mantiki hiyo, msaada wenye thamani kubwa kwa mgonjwa wa mguu ni ule unaomnunulia muda. Majirani wanaompandia shamba kwa siku moja ya msaragambo, mwenye pikipiki anayekubali kusimamisha hesabu, au kikundi cha kuweka na kukopa kinachosogeza mbele marejesho, huuponya mfupa kama dawa.

Pale anayevunjika mguu anapokuwa ndiye mama wa nyumba, hesabu huwa nyingine. Maji, kuni, chakula na watoto vilikuwa juu yake, na mara nyingi huanza kupika akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu hakuna aliyepangiwa kumsaidia. Familia igawane kazi hizo kwa majina tangu siku ya kwanza, si kusubiri aombe.

Kuanza kukanyaga tena

Kukaa bila kukanyaga si kukaa bila mazoezi. Tangu siku za mwanzo mgonjwa anatakiwa kuchezesha vidole mara kwa mara, kukaza misuli ya paja akiwa amelala na kuiachia, na kukunja viungo ambavyo havikufungwa. Bila hivyo misuli hunyauka, goti hukakamaa, na mfupa hupona ndani ya mguu usiofanya kazi.

Ruhusa ya kukanyaga hutolewa kwa hatua: kwanza kugusa chini tu, kisha sehemu ya uzito, kisha gongo moja linaloshikwa upande wa mguu mzima, na mwisho bila gongo. Kila hatua hufuata uchunguzi wa daktari na mara nyingi picha ya eksirei. Kuvimba kidogo nyakati za jioni huweza kuendelea kwa miezi na si lazima iwe dalili mbaya, mradi uvimbe hupungua mguu ukiinuliwa.

Kwa kuwa kazi kubwa hufanyika nyumbani, mgonjwa na anayemuuguza wana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kuondoka hospitalini, na kuandikiwa majibu yake: uzito kiasi gani unaruhusiwa juu ya mguu na tangu lini, mazoezi yapi yafanyike kila siku, dalili zipi zinalazimu kurudi mara moja, na kurudi wapi usiku, na tarehe ya picha inayofuata. Dakika chache za majibu hayo ni nafuu kuliko upasuaji wa pili.